Nilivyomfuata Lusia hadi Ujiji

Sikwenda Kigoma kuona ziwa. Ningeweza kuandika hivyo na ninyi nyumbani mngeamini, maana kila anayetoka Goweko kwenda Kigoma husema amekwenda kuona ziwa. Mimi nilikwenda kwa sababu sikutaka Lusia aende bila mimi.

Mnajua tulivyokubaliana. Tulianza kushona kwa mkono tukiwa wadogo, yeye vitambaa vya madhabahu vya kwao Katoliki, mimi vya kwetu Moravian, tukasema tutasomea ufundi Tabora, kisha turudi tufungue kibanda chetu. Baba mdogo akatutengea chumba kile kilicho kando ya mashine ya kusaga. Kimeshapigwa lipu. Ubao umeshaandikwa: KABULA NA LUSIA, MAFUNDI WA NGUO. Tulikuwa tumebakiza muhula mmoja tu wa chuo.

Halafu kuna Thuwaiba. Tunasoma naye darasa moja. Kwao wanauza vitambaa mjini Tabora tangu enzi za babu zao, na ukoo wao ulitoka Omani. Ningependa kuwaambia kwamba ana maringo. Hana. Huja chumbani kwetu mtaa wa Cheyo, anakaa chini kwenye mkeka, anakula tulichopika. Lakini mwaka huu Lusia alianza kwenda dukani kwao kila Jumamosi, na siku moja nikasikia kwa mtu mwingine kwamba baba yake Thuwaiba anatafuta fundi wa kukaa dukani. Lusia hakuniambia. Na mimi sikumuuliza. Nilimwangalia tu alivyokuwa akikunja nguo zake, nikawaza, huyu anaondoka.

Likizo ilipofika, Thuwaiba akasema shangazi yake wa Ujiji anamwalika akae siku chache, aje na wenzake, wakaoge ziwani na kutazama samaki kwa miwani ya maji. Lusia akaitikia kabla sentensi haijaisha. Ndipo Thuwaiba akanigeukia: "Na wewe Kabula, njoo." Mimi nakumbuka alinialika baadaye, kama mtu anayekumbuka chumvi mboga ikiwa mezani. Lusia anasema alitualika wote kwa pamoja. Inawezekana yeye ndiye mkweli.

Jumatano, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, tulikuwa stendi. Viti vya basi ni viwili viwili. Lusia alikaa na Thuwaiba. Mimi nikakaa ng'ambo ya njia, na mama mmoja aliyekuwa akienda Kaliua na boksi la vifaranga.

"Wale ni ndugu?" mama yule aliniuliza, akiwaonyesha kwa kidevu.

"Hapana mama. Yule mweusi ni wangu."

"Wako vipi?"

Nikamwambia tunatoka kijiji kimoja. Akatikisa kichwa, akarudi kwa vifaranga vyake.

Lusia hutapika akisafiri. Tangu darasa la tatu mimi ndiye ninayembebea ndimu. Tulipopita Urambo, basi likaanza kuyumba, nikaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta ile ndimu, na nilipoinua kichwa nikamwona Lusia ameshashika nusu ya ndimu puani, na Thuwaiba ana nusu nyingine na kisu kidogo. Nilirudisha yangu mkobani. Nilitazama nje, mabani ya kukaushia tumbaku yanapita, moshi unatoka juu, nikajifanya nayahesabu.

Saa saba mchana tulivuka mto Malagarasi. Watu wote dirishani. Kondakta akasema kwa sauti, "Wanyamwezi, hapa babu zenu walivuka kwa miguu, mzigo kichwani, ninyi mnalalamika kiti kigumu!" Basi zima likacheka. Nami nilicheka, lakini neno lile lilibaki ndani yangu, na baadaye mtaona nililifanyia nini.

Saa kumi alasiri tulifika Ujiji. Shangazi yake Thuwaiba anaitwa Bi Rukia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupendeza. Nyumba yake iko karibu na njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora ikaishia hapo majini. Mlangoni kulikuwa na begi kubwa la Thuwaiba, lenye zawadi za baba yake, vitambaa na tende. Mimi nilikuwa na galoni dogo la asali na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vyetu vya kukaushwa. Nilishaanza kupima zawadi zetu kwa macho.

Thuwaiba akasema, "Kabula, tusaidiane begi hili."

Nami nikasema, mbele ya mwenyeji, kabla hata sijavua viatu: "Si ndiyo kazi yetu? Babu zetu waliwabebea babu zenu mpaka hapa hapa Ujiji."

Lusia aliniangalia kama ameniona nikimwaga maji ya mtu. Thuwaiba aliachia kamba ya begi. Niseme ukweli, sikuwa nawawazia babu wa mtu yeyote. Niliwaza nusu ya ndimu. Jambo kubwa na la kweli nililiokota nikalitumia kama jiwe la kumpigia kuku.

Bi Rukia ndiye aliyesema. "Mwadila," akanisalimia. Kinyamwezi kabisa.

"Mwadila," nikaitikia, nimeshtuka.

"Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mnyamwezi wa Unyanyembe. Alikuja hapa na mzigo, na mzigo haukuwa wake. Ulichosema ni kweli, mwanangu. Lakini hili begi ni la huyu mtoto, na yeye hajamwagiza mtu pembe za ndovu." Akashika kamba moja ya begi. "Haya, shika huko. Wajukuu wa wapagazi tubebe, mwenye begi atufungulie mlango."

Tukabeba. Thuwaiba akatufungulia. Baadaye nilimwomba radhi, akasema, "Yameisha, Kabula," na nikaona kwake yameisha kweli, jambo lililoniudhi zaidi. Bi Rukia alifungua asali yangu kwanza, kabla ya tende. Lazima niliandike hilo pia. Tulikula samaki aina ya mgebuka na ugali wa muhogo, na mboga ya mawese iliyopaka vidole vyetu rangi, na matobolwa yangu yakaisha yote.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, tulikwenda ghuba moja ya mawe, kusini mwa mji. Mwenyeji wetu wa majini alikuwa Issa, kijana jirani wa Bi Rukia. Zamani alizamia kukamata samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi wanaopelekwa nje kufugwa kwenye vioo. Sasa anakodisha miwani ya maji na mirija ya kupumulia.

"Mmetoka Tabora?" akauliza. "Nyie si mnaogelea kwenye asali?"

"Na wewe utapumua kwa mdomo mpaka lini?" Lusia akamjibu. Issa akacheka sana.

Hapa lazima nieleze habari ya nguo. Thuwaiba alikuwa ametushonea nguo za kuogea za namna moja sote watatu, suruali na gauni fupi lenye mikono mirefu, kwa kitambaa chepesi cha jezi. Hakunipima. Alinikadiria kwa macho, akanipatia sawasawa mpaka kwenye bega langu la kushoto lililoshuka kidogo, bega ambalo nilidhani anayelijua ni Lusia peke yake. Nilimshukuru, nikaiacha nyumbani kwa Bi Rukia. Nilivaa niliyojishonea mwenyewe usiku wa kuamkia safari: kitambaa cha kaki cha sare, bitana ndani, mishono miwili miwili, na mifuko. Mshono ule nauonea fahari hata leo. Ungeweza kuning'iniza ng'ombe.

Issa alinitazama juu hadi chini. "Dada, umekuja kuogelea au kulima?"

Akatufundisha. Utemee mate ndani ya kioo, usugue, usuuze, ili kisipate ukungu. Miwani ibane pua, na pua uisahau kama huna. Uma mrija, lala kifudifudi, maji yatakubeba. Lusia na Thuwaiba wakalala juu ya maji, maji yakawabeba. Mimi nikalala, kaki ikanywa. Ilikunywa maji kama ardhi ya Goweko mvua ya kwanza. Mifuko ikajaa, bitana ikavimba ikaachana na kitambaa cha juu, gauni likanifunika kichwa, suruali ikanivuta miguu. Maji yalikuwa ya kifua tu. Lakini nilipiga kelele ndani ya mrija, na kelele ndani ya mrija inatoka kama mbuzi.

Issa alinishika mkono, nikasimama. Walikuwa wanacheka wote, na haki yao. Thuwaiba alikuja akanikamulia mgongo, akagusa mshono.

"Lakini umepiga mishono miwili kila mahali," akasema. "Mimi nisingeweza."

Nadhani alimaanisha. Nilikaa juu ya jiwe asubuhi nzima nikijikausha, nawatazama wao wawili wanaelea, migongo juu, wameshikana mikono ili wasipotezane. Kila mmoja akiinua kichwa alipiga kelele, "Umeona yule?" na mwingine akasema, "Nimemwona!" Mimi sikumwona yeyote.

Ijumaa, saa nne, baada ya Thuwaiba kurudi kutoka kumnunulia shangazi unga, tulikwenda tena. Safari hii nilivaa nguo ya Thuwaiba. Lusia alinipiga bega lile la kushoto kidogo.

Jamani, niliona. Sijui kama maneno yangu yatatosha, mimi si mwandishi. Maji ya ziwa lile ni meupe mpaka unaona kivuli chako kinatembea chini juu ya mchanga, nawe huna uzito, kana kwamba umeachwa hewani. Mawe makubwa yamekaa kama nyumba, na kila nyumba ina wenyewe. Kuna samaki wa mistari myeusi na ya samawati, wengine wa manjano kama ua la mboga ya maboga. Nilimsogelea mmoja aliyekuwa na vitoto vingi kama mbegu za mtama. Aliponiona akafungua mdomo, vitoto vikaingia vyote, akafunga. Nilishtuka nikadhani amewala. Issa alinieleza baadaye kwamba wapo wanaowaficha watoto mdomoni mpaka hatari ipite.

Na kulikuwa na mwingine, mdogo kuliko kidole changu, anayelinda jiwe lake. Humkimbiza kila apitaye, hata wakubwa mara nne yake. Akanijia mpaka kwenye kioo. Nilimwelewa mpaka nikaona aibu, nikampisha.

Kwa saa nzima sikumwonea mtu wivu. Naiandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ni saa moja tu. Nilipoinua kichwa, Lusia na Thuwaiba walikuwa wamekaa jiweni wanazungumza kwa sauti ya chini. Waliponiona wakanyamaza.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, tulipanda basi la kurudi. Bi Rukia alinipa dagaa wa kupeleka nyumbani, mmeshawala. Basi lilisimama Uvinza, na Lusia akashuka kumnunulia mama yake chumvi. Thuwaiba, aliyekaa na Lusia ng'ambo ya njia, akainama upande wangu.

"Kabula, nataka kukuuliza, usinikasirikie. Kwa nini ulimkatalia baba?"

"Nilimkatalia nini?"

"Kazi. Alisema mje wote wawili, mashine zipo mbili. Lusia akasema umeshaamua Goweko, hutaki hata kusikia habari za mjini."

Nikaona Lusia anarudi, mfuko wa chumvi kifuani. Nikasema, "Tutaongea." Thuwaiba akasema ana usingizi, akaomba kiti changu cha dirishani. Kwa hiyo tangu Uvinza nilikaa na Lusia.

Alinitazama mara moja tu. "Ameshakwambia," akasema.

Haya yanayofuata naandika kwa ruhusa yake. Aliniambia, "Andika, ila andika na ya kwako." Ndiyo maana mmesoma ya begi na ya kaki. Thuwaiba naye tulimwambia baadaye, akasema watu wa Goweko tungeshona kama tunavyofichana mambo, tungekuwa matajiri.

"Kwa nini, Lusia?" nikamuuliza.

"Unakumbuka ubao wa baba mdogo?"

"Nakumbuka. Una jina lako."

"Lina nafasi ya pili. Nani aliniuliza? Nani aliniuliza hata kama naitaka Goweko? Ulisema, mimi nikaitikia, nilikuwa na miaka kumi na miwili." Alikuwa anaufungua na kuufunga ule mfuko wa chumvi. "Pale chuoni mwalimu akishika kazi yangu, anauliza, 'Kabula amekusaidia?' Kila mara. Hata ile kola ya shati ulipokuwa umelala na malaria, aliuliza. Baba yake Thuwaiba hajawahi kuona mshono wako. Aliona wangu, akasema huyu ananifaa. Peke yangu. Halafu akasema nikulete na wewe."

"Kwa hiyo unanionea wivu? Mimi?"

"Sana. Siku nyingine mpaka chakula hakipiti."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Safari nzima nilikuwa nimejiona ndiye ninayebaki nyuma, nikiwatazama wanaoelea. Sikujua kwamba kuna mtu pembeni yangu anayezama kwa sababu yangu. Lakini sitawadanganya kwamba hasira iliisha hapo. Alinisingizia kwa mtu, akanizibia mlango. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Najua." Tulifika Kaliua. Akaanza kujisikia vibaya, nikampa ndimu, akaipokea. Hatukutazamana.

Saa kumi na nusu tulifika Tabora. Baba yake Thuwaiba alikuwa stendi na gari lake, kofia imesogea nyuma.

"Shikamoo baba," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Ziwa limewarudisha wote watatu? Alhamdulillahi." Akapakia mizigo mwenyewe, hakutuacha tuguse. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ndiwe Kabula. Nimeambiwa roho yako iko Goweko tu, mjini hutaki. Ni kweli? Maana mashine ya pili bado haina mtu."

Lusia alikuwa ameinama anafunga upya mfuko wa chumvi ambao haukuwa umefunguka. Mikono yake ilisimama.

Ilihitaji maneno matatu. Ningesema "si kweli, baba," na ningepata vyote: mashine, mji, na Lusia kiti cha pili pembeni yangu mpaka tuzeeke. Mzee yule angefurahi. Na isingekuwa uongo. Uongo ulikuwa ule mwingine. Nilisimama nikitafuta lipi ni haki, na bado sijui. Labda haki ilikuwa kusema kweli. Labda mimi nilichagua kwa sababu nilitaka Lusia ajue nimemwachia, anikumbuke kila akikanyaga cherehani. Hilo nalo lilikuwepo, silikatai.

"Ni kweli, baba," nikasema. "Kule chumba kimeshapigwa lipu."

"Basi Mungu akufungulie riziki, binti."

Lusia akainuka. Msidhani alinikumbatia au alilia. Alinitazama tu, na uso wake ukafunguka wote, uso ambao nimeujua tangu tunagombea kalamu, na sikuwahi kuuona hivyo hata siku moja tukiwa pamoja. Mmeniuliza kwa nini nimekuja peke yangu kusafisha chumba, na kwa nini nimemwomba baba mdogo apake rangi nusu ya ubao. Ndiyo hiyo sababu. Nilimpa Lusia furaha ile kwa mdomo wangu mwenyewe, nikasimama pale stendi nikimwonea wivu kwa sababu ya furaha hiyo hiyo.